Umbali Unavyoamua Huduma: Usafiri na Wageni Katika Disney na Universal za Orlando

Walt Disney World, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971 kusini-magharibi mwa mji wa Orlando katika jimbo la Florida, Marekani, imekalia ardhi ya ekari 25,000 hivi, yaani takriban kilomita za mraba 100. Kisiwa cha Mombasa kingeingia humo karibu mara saba. Ndani yake mna bustani nne za burudani, yaani Magic Kingdom ya mwaka 1971, EPCOT ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998, pamoja na bustani mbili za maji na hoteli zaidi ya ishirini. Universal Orlando ilianza na bustani moja tarehe 7 Juni 1990. Ilipoongeza ya pili, Islands of Adventure, mwaka 1999, iliijenga ubavuni mwa ile ya kwanza, hivi kwamba mgeni hutoka lango la moja na kufika lango la nyingine kwa miguu kwa dakika chache. Tofauti hiyo ya ardhi ndiyo iliyozaa mifumo miwili ya usafiri isiyofanana, na mifumo hiyo nayo imeipa huduma ya wageni sura mbili.

Eneo la Disney ni mji zaidi kuliko bustani. Mwaka 1967 Bunge la Florida liliunda mamlaka maalumu, Reedy Creek Improvement District, iliyopewa uwezo wa kujenga barabara, kuchimba mifereji na kusimamia huduma za umma katika ardhi hiyo. Mwaka 2023 mamlaka hiyo ilibadilishwa jina na uongozi. Kampuni yenyewe ina kazi ambayo kwingineko hufanywa na manispaa, yaani kuwasafirisha maelfu ya watu kila siku kutoka hoteli hadi bustani na kuwarudisha usiku. Kazi hiyo hufanywa kwa treni ya reli moja, boti, vibanda vinavyoning'inia kwenye nyaya na mamia ya mabasi, na hakuna anayelipa nauli.

Treni ya reli moja ndiyo kongwe, maana ilianza siku ileile ya ufunguzi. Njia zake zina urefu wa kilomita 23 na zaidi. Moja inazunguka hoteli zilizo kando ya ziwa la Seven Seas Lagoon, nyingine inakwenda moja kwa moja Magic Kingdom, na ya tatu, iliyoongezwa mwaka 1982, inafika EPCOT, ambako hupita juu ya bustani yenyewe kabla ya kusimama. Wakati fulani wageni waliruhusiwa kuketi mbele pamoja na dereva. Ruhusa hiyo iliondolewa baada ya treni mbili kugongana tarehe 5 Julai 2009 na dereva mmoja kijana kupoteza maisha. Ulikuwa uamuzi sahihi, na haujabadilishwa.

Anayefika Magic Kingdom kwa gari lake hukutana na jambo linalowashangaza wengi: maegesho hayako karibu na lango. Gari huachwa ng'ambo ya ziwa, penye kituo kikuu cha usafiri na tiketi, kisha mgeni huchagua treni au kivuko. Vivuko vina sitaha mbili na kimoja hubeba watu 600 hivi. Kikiondoka gati, kasri la Magic Kingdom huonekana dogo upande wa pili wa maji, likakua polepole jinsi chombo kinavyosogea, na watoto hukimbilia kwenye vyuma vya mbele ili walione vizuri. Mpangilio huo ulikusudiwa. Wabunifu walitaka mgeni aiache barabara kuu na magari nyuma yake kabla hajakanyaga bustani. Gharama yake ni muda. Mtu anayepanda basi kutoka hoteli za Disney hushushwa karibu na lango lenyewe, ilhali mwenye gari lake hupanda vyombo viwili, na aliyedhani kwamba gari litamwahisha huchelewa.

Vibanda vya nyaya, vinavyoitwa Skyliner, vilianza tarehe 29 Septemba 2019. Vinaunganisha hoteli kadhaa na bustani za EPCOT na Hollywood Studios, na kila kibanda huchukua hadi watu kumi. Kikifika kituoni hujiachia kutoka kwenye waya unaokwenda kasi, kikapunguza mwendo hadi ule wa mtu anayetembea taratibu, milango ikafunguka, na wageni wakaingia kikiwa bado kinasogea. Kwa mwenye kiti cha magurudumu pana njia ya pembeni katika vituo vingi, ambako kibanda husimama kabisa hadi atakapoketi salama. Kigari cha mtoto kikienea mlangoni huingia bila kukunjwa, na mzazi aliyembeba mtoto aliyelala anaijua thamani ya jambo hilo.

Ubora wa chombo hiki unaonekana zaidi kwa hesabu. Mwaka 1961 John Little, mtaalamu wa Marekani, alithibitisha kanuni rahisi ya foleni: idadi ya watu walio kwenye foleni ni sawa na kasi ya kufika kwao ikizidishwa kwa muda wanaosubiri. Tuseme kituo kinapokea watu 180 kwa saa, yaani watatu kila dakika. Basi likija kila baada ya dakika 20, mtu husubiri kwa wastani dakika kumi, na wakati wowote kituoni huwa na watu 30 hivi waliosimama. Basi linapotokea huwa wamefika 60. Kibanda kikija kila dakika moja, mtu husubiri nusu dakika na kituoni huwa na mtu mmoja au wawili. Abiria ni walewale 180, lakini wa basi atasema amesumbuliwa, ilhali wa kibanda hatakumbuka kwamba alisubiri. Hata foleni ya vibanda ikiwa ndefu asubuhi, husogea bila kukoma, na macho yanaona inasogea.

Udhaifu wa Skyliner ni hali ya hewa. Mvua za radi za Florida hunyesha alasiri nyingi za kiangazi, na radi ikikaribia, vibanda husimamishwa, na boti pia. Hapo ndipo basi hurudi kuwa tegemeo. Basi halina sifa ya kivuko wala ya kibanda, lakini ndilo linalobeba mzigo mkubwa wa eneo zima, na bustani ya Animal Kingdom haifikiwi kwa chombo kingine chochote cha Disney ila hilo. Msomaji wa Kiswahili atavutiwa na hoteli iliyo jirani na bustani hiyo, Animal Kingdom Lodge ya mwaka 2001, ambayo majengo yake yanaitwa Jambo House na Kidani Village, na migahawa yake Boma, Jiko na Sanaa. Ndani ya bustani kuna kijiji cha Harambe kilichobuniwa kwa kuitazama miji ya Afrika Mashariki, na kutoka hapo magari ya Kilimanjaro Safaris hupita kati ya twiga na tembo walio hai. Hoteli hiyo nzuri haina treni, boti wala kibanda. Mgeni wake akitaka kwenda Magic Kingdom atavuka karibu eneo lote kwa basi, na kila atakapopanga siku yake hana budi kuuhesabu umbali huo.

Katika Universal hesabu ilikuwa nyepesi kwa miaka mingi. Magari ya wageni wa bustani mbili za mwanzo huegeshwa katika majengo mawili makubwa ya ghorofa. Kutoka humo mtu hupita ukaguzi wa usalama, husimama juu ya mikanda inayomsogeza mbele, kisha huingia CityWalk, mtaa wa migahawa na maduka uliofunguliwa mwaka 1999, na hapo bustani moja iko upande mmoja na ya pili upande mwingine. Hoteli za kwanza, Portofino Bay ya 1999, Hard Rock ya 2001 na Royal Pacific ya 2002, zilijengwa kando ya mfereji unaoishia CityWalk. Boti ndogo huwachukua wageni bila malipo, na sambamba na maji kuna njia ya miguu iliyopandwa miti na maua. Radi ikisimamisha boti, mgeni hutembea. Uwezo huo wa kutembea ni huduma kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mtu anayeweza kuondoka wakati wowote kwa miguu yake mwenyewe hajioni mateka wa foleni.

Usafiri uliogeuzwa kuwa mchezo unapatikana pia Universal. Hogwarts Express, iliyoanza Julai 2014, huunganisha bustani mbili za mwanzo kwa treni inayovutwa kwa kebo. Madirisha yake ni skrini, na hadithi inayoonyeshwa wakati wa kwenda si ile ya kurudi. Ni kazi ya ustadi mkubwa, lakini abiria lazima awe na tiketi ya bustani zote mbili, na siku zenye msongamano foleni yake huchukua muda mrefu kuliko kutembea. Mwenye haraka apite CityWalk.

Huduma za watu nazo zimefuata ramani. Disney huwaita wafanyakazi wake waigizaji na wateja wake wageni, na tangu zamani huwafundisha wafanyakazi mambo manne kwa mpangilio usiobadilika: usalama, adabu, onyesho, kisha ufanisi. La tano, ujumuishaji, liliongezwa katika miaka ya karibuni. Mpangilio huo una maana ya kazi. Basi likifika kituoni usiku na pana mtu mwenye kiti cha magurudumu, dereva hushusha ubao wa kupandia, humwingiza yeye na jamaa zake kwanza, hukifunga kiti kwa mikanda sakafuni na kuhakikisha kimekaza. Watu hamsini waliochoka husimama nje wakitazama. Ufanisi ungetaka wao waingie upesi, lakini umewekwa nyuma ya usalama na adabu, kwa hiyo dereva hana la kubishana na nafsi yake wala na abiria. Katika eneo ambamo mgeni hutumia muda mwingi njiani, dereva ndiye uso wa kampuni kuliko hata mhudumu wa mapokezi.

Universal ilipata somo lake siku ya kwanza. Juni 1990 michezo yake mikubwa iliharibikaharibika mbele ya wageni, na ule wa papa, Jaws, ulilazimika kujengwa upya hadi ukafunguliwa tena mwaka 1993. Baadaye ilipata njia yake ya kumpendeza mgeni, nayo ni kumpunguzia foleni. Anayelala katika hoteli tatu zilizotajwa hupewa bure pasi ya Express Unlimited, inayomruhusu kutumia mlango wa haraka katika michezo mingi ya bustani mbili za zamani, mara nyingi apendavyo. Wengine huinunua, na bei hupanda na kushuka kulingana na siku. Disney ilikuwa na FastPass isiyolipiwa tangu mwaka 1999, lakini tangu 2021 nafasi ya mlango wa haraka inanunuliwa, na mfumo wa sasa huitwa Lightning Lane. Hapo pande zote mbili zinastahili lawama ileile: muda wa mgeni umekuwa bidhaa, na familia yenye kipato kidogo, ambayo huenda ilidunduliza miaka mingi kwa ajili ya safari hiyo, ndiyo inayosimama zaidi. Kinachobaki kwao ni kuwahi. Disney huwafungulia wageni wa hoteli zake zote dakika 30 kabla ya wengine, katika bustani yoyote, na Universal nayo huwatangulizia wake katika bustani inazochagua.

David Maister, aliyeandika mwaka 1985 kuhusu saikolojia ya kusubiri, alieleza kwamba muda usiojulikana mwisho wake huonekana mrefu kuliko unaojulikana, na muda mtupu huonekana mrefu kuliko wenye shughuli. Skrini zinazotangaza mabasi kwenye vituo vya hoteli za Disney hutibu tatizo la kwanza. La pili hutibiwa na kivuko na Hogwarts Express, kila kimoja kwa namna yake. Kituo cha basi usiku bustani zinapofungwa bado hakijapata dawa ya kutosha.

Kwa wageni wenye ulemavu, vyombo vya usafiri vya pande zote mbili vimejiandaa vizuri. Ugumu uko kwenye foleni za michezo. Disney ina utaratibu wa kusubiri nje ya foleni, uitwao DAS, tangu 2013, na mwaka 2024 iliubana ili uwahusu hasa wenye usonji na hali zinazofanana nao, tena baada ya mahojiano kwa video. Universal humtaka mwombaji ajisajili kwanza kwenye taasisi ya nje inayotoa kadi maalumu. Taratibu zote mbili zinahitaji maandalizi kabla ya safari, na anayengoja kueleza shida yake langoni huweza kupoteza nusu ya siku.

Tarehe 22 Mei 2025 Universal ilifungua Epic Universe, bustani mpya iliyo kilomita kadhaa kusini mwa zile za mwanzo. Barabara ya Kirkman ilirefushwa kuelekea huko, na mabasi huunganisha sehemu hizo mbili. Hoteli ya Helios Grand ina mlango wake wa kuingilia ndani ya bustani hiyo, jambo ambalo wageni wengi wangelitamani, lakini pasi ya Express haimo katika bei ya chumba, na anayelala humo akitaka kuona Islands of Adventure hupanda basi. Sasa mgeni wa Universal naye anaweza kukaa hoteli iliyo mbali na bustani aliyoifuata, kama wa Animal Kingdom Lodge. Kwa hiyo anayepanga safari ya Orlando, kwa Disney au kwa Universal, aifungue ramani kabla ya orodha ya bei, atafute hoteli iliyo kwenye njia ya miguu, ya boti, ya treni au ya vibanda kuelekea bustani atakayoitembelea siku nyingi zaidi, na basi liwe chaguo lake la mwisho.