Redio za National na kinanda cha Technics: Hadithi ya jina lililo kwenye kasha

MNUNUZI anayetafuta redio au spika katika soko la Chwele, eneobunge la Kabuchai, Kaunti ya Bungoma, hakosi majina ya kuchagua. Hali ni hiyo hiyo mjini Bungoma na Kitale. Mengi ya majina hayo ni ya Kijapani, na mara nyingi muuzaji hana haja ya kueleza zaidi. Kwa wakazi wengi wa magharibi mwa Kenya, Japani ikitajwa pamoja na redio huwa ni dhamana tosha.

Dhamana hiyo ina chimbuko lake. Ilijengwa kwa miongo mingi na viwanda vilivyotoa vyombo vilivyostahimili vumbi, moshi wa jikoni na safari ndefu juu ya baiskeli. Hata hivyo, mnunuzi wa leo hana budi kujiuliza iwapo jina lililo kwenye kasha lingali mikononi mwa waliojenga sifa hiyo, au limeuzwa na kubaki jina tu.

Historia ya kampuni ya Matsushita inasaidia kulijibu swali hilo. Ndiyo iliyotengeneza redio za National zilizoenea kote Afrika Mashariki. Ndiyo pia iliyounda, kwa jina la Technics, kimojawapo cha vinanda vya kuchezea santuri vinavyoheshimiwa zaidi duniani.

Mwanagenzi wa Osaka

Mwasisi wake, Konosuke Matsushita, alizaliwa Novemba 27, 1894, katika mkoa wa Wakayama nchini Japani. Babake, aliyekuwa na mashamba, alipoteza mali yake katika biashara ya kubahatisha bei ya mchele. Akiwa na umri wa miaka tisa, mtoto huyo aliachishwa shule na kupelekwa jijini Osaka kuwa mwanagenzi katika duka la majiko ya makaa, na baadaye katika duka la baiskeli.

Mnamo 1910 alijiunga na kampuni ya taa za umeme jijini humo. Huko alibuni soketi ya taa iliyokuwa bora kuliko zilizotumika, lakini mkubwa wake hakuona maana yoyote katika kazi hiyo. Matsushita aliacha ajira mwaka wa 1917. Mwaka uliofuata alianzisha kampuni yake katika nyumba ya kupanga, akisaidiwa na mkewe, Mumeno, na shemejiye, Toshio Iue.

Bidhaa iliyoanza kumtambulisha kote nchini ilikuwa taa ya baiskeli inayotumia betri, aliyoitoa mwaka wa 1923. Taa za betri za wakati huo zilizimika baada ya saa chache tu, nayo yake ilidumu kwa zaidi ya saa 30. Wauzaji waliokwisha kuchomwa na taa mbovu hawakumwamini. Aliwaachia taa madukani zikiwa zinawaka, ili washuhudie wenyewe zingezimika saa ngapi. Maagizo yakaanza kumiminika. Mnamo 1927 alianza kuuza taa nyingine kwa jina la National.

Redio zilizorudishwa

Kampuni iliingia katika biashara ya redio mwaka wa 1930, kwa kuchukua kiwanda kilichokuwa tayari kikiunda vyombo hivyo. Matokeo yalikuwa aibu. Redio zilirudishwa kwa wingi zikiwa na hitilafu, kwa kuwa maduka yaliyouza taa na soketi hayakuwa na mafundi wa kuzirekebisha.

Waliokuwa na uzoefu wa redio walishauri ziuzwe tu katika maduka yenye mafundi. Matsushita aliyakataa maoni hayo. Kwake yeye, kosa lilikuwa la chombo chenyewe: redio inayohitaji fundi kila mara haijakamilika kuundwa. Aliachana na washirika wake na kumkabidhi kazi hiyo Tetsujiro Nakao, mtafiti wake ambaye hakuwa bingwa wa redio.

Redio iliyoundwa na kikosi cha Nakao ilitwaa nafasi ya kwanza mwaka wa 1931 katika shindano lililoandaliwa na shirika la utangazaji la Japani, NHK. Isitoshe, mwaka wa 1932 Matsushita alinunua hataza, yaani haki ya kipekee ya kutumia uvumbuzi, ambayo mwenyewe alikuwa ameitumia kuwazuia watengenezaji wengine wa redio. Badala ya kuitumia hataza hiyo kuwakandamiza washindani, aliwaruhusu waitumie bila malipo.

Mwaka huo huo aliwaeleza wafanyakazi wake kwamba lengo la kiwanda ni kufanya bidhaa ziwe tele na nafuu kama maji ya mfereji. Fikra hiyo ndiyo iliyoifikisha kampuni yake, miongo mitatu baadaye, katika pwani ya Afrika Mashariki.

Kiwanda cha Dar es Salaam

Katikati ya miaka ya 1960, Matsushita ilianzisha kampuni tanzu jijini Dar es Salaam. Kampuni hiyo ilitengeneza betri na pia redio. Uamuzi wa kuanza na betri haukuwa wa kubahatisha. Nyumba nyingi za mashambani hazikuwa na umeme, na redio bila betri ni kasha tupu.

Wakati huo, redio ndiyo iliyokuwa njia kuu ya serikali kuwafikia wananchi. Mwaka wa 1973, Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo takriban watu milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza mafunzo ya afya redioni na kisha kwenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Kampeni ya aina hiyo isingewezekana bila redio ndogo zilizoweza kufika vijijini.

Nchini Kenya, redio za National na zile zilizoandikwa National Panasonic ziliingia katika nyumba nyingi, zikiwemo za wakulima wa mahindi wa Bungoma na Trans Nzoia. Kwa kawaida chombo kilikaa mahali pa juu, kimefunikwa kitambaa, na mtoto hakuruhusiwa kukigusa. Betri, ambazo wengi waliziita mawe, zilitumiwa kwa uangalifu. Zilipodhoofika ziliwekwa juani ili zirudishe nguvu kidogo, angalau za kusikilizia taarifa ya habari ya jioni. Kenya nayo ilikuwa na kiwanda chake cha betri za Eveready mjini Nakuru, hadi kilipofungwa mwaka wa 2014.

Kupitia vyombo hivyo wananchi walisikiliza Sauti ya Kenya, vipindi vya salamu na kipindi cha Leonard Mambo Mbotela, Je, Huu ni Uungwana?, kilichoanza mwaka wa 1966. Ni redio hizo hizo zilizowafanya Wakenya wasimame kwa mshtuko Agosti 1, 1982, sauti ya Mbotela iliposikika ikitangaza kwamba serikali ilikuwa imepinduliwa. Tangazo hilo alilazimishwa kulisoma na wanajeshi waasi. Siku hiyo, mwenye redio nzima aliweza kujua kilichokuwa kikiendelea, na baadaye kujua kwamba jaribio hilo lilikuwa limezimwa.

Mota iliyoondoa mkanda

Kampuni iliyouza redio za bei nafuu ilikuwa pia na azma ya kushindana na mabingwa wa sauti safi. Mwaka wa 1965 ilianzisha jina la Technics, ambalo kwanza liliandikwa kwenye spika iliyolenga wapenzi wa muziki wasiotosheka na sauti ya kawaida.

Sifa kubwa ya Technics ilitokana na kinanda cha santuri. Katika vinanda vya awali, mota ilizunguka kwa kasi, kisha mwendo wake ukapelekwa kwenye sahani ya santuri kwa mkanda au gurudumu la mpira. Mpira huchakaa na mkanda hulegea. Kasi ikiyumba hata kidogo, sauti ya mwimbaji huyumba pia, nao mtikisiko wa mota huingia katika muziki na kusikika kama ngurumo ya chini chini.

Kikosi kilichoongozwa na mhandisi Shuichi Obata kiliondoa mpira huo kabisa. Kiliiweka sahani moja kwa moja juu ya mota inayozunguka polepole, kwa kasi ile ile ya santuri. Kinanda cha kwanza cha aina hiyo, SP-10, kilianza kuuzwa mwaka wa 1970. Mwaka wa 1972 kampuni ilitoa SL-1200, kilichokusudiwa wasikilizaji wa nyumbani.

Waliokipa umaarufu hawakuwa wasikilizaji hao. Jijini New York, katika mtaa wa Bronx, kijana mzaliwa wa Jamaika aliyejulikana kama Kool Herc alipigisha dansi Agosti 1973 ambayo wengi huihesabu kuwa mwanzo wa muziki wa hip hop. Yeye na madijei waliomfuata walihitaji kinanda ambacho sahani yake inaweza kuzuiwa kwa mkono, kurudishwa nyuma na kuachiliwa bila mkanda kukatika. Vinanda vya Technics vilistahimili mateso hayo. Wahandisi walifuatilia jinsi madijei walivyovitumia, na toleo la pili la SL-1200, lililotoka mwaka wa 1979, likawekewa kitelezi cha kubadilishia kasi.

Kifo na ufufuo

Konosuke Matsushita alifariki Aprili 27, 1989, akiwa na umri wa miaka 94. Mwaka wa 2008 kampuni iliacha jina la mwasisi wake na kujiita Panasonic, huku jina la National likianza kuondolewa hata nchini Japani. Miaka miwili baadaye, mnamo 2010, ilisimamisha utengenezaji wa SL-1200. Vinanda takriban milioni 3.5 vya aina hiyo vilikuwa vimeuzwa. Muziki ulikuwa umehamia kwenye diski na kompyuta, na vipuri vingine havikupatikana kwa urahisi tena.

Jina la Technics lilirudishwa mwaka wa 2014 chini ya uongozi wa Michiko Ogawa, mhandisi ambaye pia ni mpiga piano wa jazi. Mwaka wa 2016 vinanda vya SL-1200 vilirejea, kikiwemo cha toleo maalum la vinanda 1,200 tu, kilichouzwa kwa takriban dola 4,000 nchini Marekani.

Ufufuo huo haukuwa wa kuchukua michoro ya zamani na kuwasha mitambo. Zana za zamani hazikufaa tena, na wahandisi walilazimika kuunda upya hata mota yenyewe. Kilichowaokoa ni kwamba ndani ya kampuni walikuwamo bado watu walioielewa kazi.

Majina yaliyobaki bila wenyewe

Makampuni mengine ya Kijapani hayakuwa na bahati hiyo. Akai, iliyosifika kwa vinasa sauti, iliporomoka mwaka wa 2000. Nakamichi, iliyoanzishwa mwaka wa 1948 na ambayo mnamo miaka ya 1970 na 1980 ilitengeneza vinasa sauti vya kanda ambavyo wengi waliviona kuwa bora kuliko vyote, ilifilisika mwaka wa 2002. Sansui, iliyosifika kwa vikuza sauti, ilifilisika mwaka wa 2014. Naye Toshio Iue, yule shemeji wa Matsushita, alianzisha kampuni yake ya Sanyo mwaka wa 1947. Miaka zaidi ya 60 baadaye kampuni hiyo ilinunuliwa na Panasonic.

Kampuni ikifa, jina lake halizikwi nalo. Jina ni mali, na huweza kununuliwa au kukodishwa na mtengenezaji wa nchi nyingine kabisa. Kufanya hivyo si kosa kisheria. Ndiyo sababu majina ya Akai, Sansui na Nakamichi yangali yanaonekana kwenye runinga, spika na redio za magari, ilhali waliobuni vyombo vilivyoyapa majina hayo heshima hawahusiki tena.

Hali hii ni tofauti na ile ya bidhaa ghushi, ambapo jina hubandikwa bila idhini ya mwenyewe. Kenya ilipitisha sheria ya kukabiliana na bidhaa ghushi mwaka wa 2008, na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) hutoa alama ya ubora kwa bidhaa zilizotimiza viwango. Lakini sheria hizo haziwezi kumkinga mnunuzi dhidi ya kumbukumbu yake mwenyewe, anapoona jina alilolijua katika sebule ya babake na kudhani chombo ni kile kile.

Kwa mkazi wa Chwele au Mukuyuni anayetumia fedha za mauzo ya mahindi kununulia chombo cha sauti, maswali ya maana ni machache. Nani amekitengeneza, na wapi? Kina hati ya dhamana inayotaja duka linaloweza kufikiwa? Kinafunguka kwa bisibisi, au kimegundishwa kwa gundi kiasi kwamba fundi hawezi kukitazama ndani? Vipuri vyake vinauzwa?

Mwuzaji anayejiamini anaweza pia kuombwa afanye alichofanya Matsushita mwaka wa 1923: akiwashe chombo pale pale dukani, na kukiacha kiwake kwa muda wa kutosha.

Baadhi ya redio za National zilizonunuliwa miaka ya 1970 zingali zikifikishwa kwa mafundi, na fundi akishafungua skrubu nne za nyuma, anaweza kuona kila kipuri na kukibadilisha. Huo ndio uliokuwa msingi wa sifa ya Kijapani, nao hauwezi kukodishwa pamoja na jina.