Kidaka, kauri na safari ya sahani ya Kichina

Katika vipindi vyetu vya fasihi hapa Kigali kuna neno dogo linalowakwamisha wanafunzi mara kwa mara. Ni neno daka, wingi wake madaka, ambalo wengine husema kidaka. Wanakutana nalo katika Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, anapoyataja madaka ya nyumba za Pate yaliyokuwa yakipangwa sahani. Kamusi inasema ni uwazi ulioachwa ukutani. Mwanafunzi anaandika hivyo daftarini, lakini bado hajaona chochote. Katika makala haya tunajaribu kumwonyesha.

Nyumba za mawe za Lamu na Pate zilikuwa na ukuta wa ndani wenye safu za vidaka vilivyopambwa kwa chokaa. (Watu wa Lamu husema zidaka, kwa kuwa katika Kiamu zi- huchukua nafasi ya vi-.) Humo zilipangwa bakuli na sahani kutoka China, za kijani na za buluu na nyeupe. Vyombo hivyo vilikuja kwa biashara ya Bahari ya Hindi, vikipita mikono mingi. Vilionyesha hadhi ya mwenye nyumba mbele ya mgeni. Vilipewa pia wafu: huko Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, na Mambrui, kaskazini ya Malindi, sahani zilipachikwa kwenye nguzo za makaburi.

Vyombo hivyo tunaviita vya kauri. Lakini kauri pia ni yule kombe mdogo wa baharini, mweupe na laini, aliyewahi kutumiwa kama fedha. Waitaliano nao walimwita kombe huyo porcellana, kisha wakakipa chombo cha Kichina jina hilohilo, na Waingereza na Wafaransa wakalichukua kutoka kwao. Hivyo watu wa pwani na watu wa Ulaya wote walikifananisha chombo kile na kombe wa baharini.

Wazungu nao walivikusanya, na kwa uchu mkubwa. Mwaka 1717 Augustus wa Saxony alimpa mfalme wa Prussia askari 600, naye akapewa vyombo 151 vya kauri. Baadaye nguvu ya silaha ilichukua nafasi ya biashara. Mwaka 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipora kasri ya Yuanmingyuan karibu na Beijing, na Waingereza wakaichoma moto. Sehemu ya mali hiyo iliwekwa katika kasri ya Fontainebleau, Ufaransa, ambako Malkia Eugénie alifungua chumba cha maonyesho cha Kichina mwaka 1863.

Hata Ubelgiji, iliyoitawala Rwanda hadi 1962, imo katika habari hii. Mfalme Leopold II aliagiza lijengwe Jumba la Kichina huko Laeken, Brussels, na mbao zake zikachongwa Shanghai. Baadaye lilionyesha vyombo vya kauri vya Kichina, hadi lilipofungwa mwaka 2013. Ni Leopold huyohuyo aliyeanzisha makumbusho ya Tervuren, yanayohifadhi vitu vya Kongo na vya kwetu Rwanda.

Je, tofauti ya kidaka na kabati la kioo ni nini? Sahani ni ileile, bali kilichoachwa nyuma ni mengi. Makaburi mengi ya pwani leo yana mashimo ya duara tu, kwani sahani ziling'olewa. Sahani iliyong'olewa bila kuandikwa ilikotoka haiwezi tena kutueleza kaburi ni la karne ipi. Kinyume chake, James Kirkman alipoanza kuchimba Gedi mwaka 1948, vigae vya Kichina vilivyopatikana mahali pake vilisaidia kukadiria umri wa mji wenyewe. Kigae kilichovunjika, kikijulikana kilipolala, kina faida kuliko bakuli zima lisilo na kwao.

Na neno ni vivyo hivyo. Daka bila sahani ni shimo tu, kama ambavyo uruhimbi bila inkongoro na ibisabo vya maziwa ni jukwaa tu. Mwanafunzi wa Kinyarwanda akikumbushwa uruhimbi nyumbani kwa bibi yake, ataelewa kwa nini mshairi alihuzunika madaka yalipobaki matupu.

Kwa hiyo tunawapendekezea walimu wenzetu zoezi hili. Kila mwanafunzi achague chombo kimoja cha nyumbani kwao, kiwe agaseke, igisabo au kikombe cha babu, kisha aeleze kwa Kiswahili nani alikitengeneza, kinakaa wapi ndani ya nyumba, nani anaruhusiwa kukigusa na siku gani. Akikosa neno la Kiswahili, alitumie la Kinyarwanda na kulifafanua. Huo nao ni ukusanyaji, ila hakuna anayenyang'anywa kitu.