Kipupwe cha Tunduma Si Adui wa Friza

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya Tunduma haihitaji kuelezwa. Mji huu wa mpakani uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe makoti mazito huvaliwa hadi ndani ya nyumba. Kwa mwenye friza kwenye stoo ya uani au banda la nyuma ya duka, msimu huu huleta mawazo mawili yanayopingana. La kwanza ni kwamba baridi hiyo yaweza kufanya kazi ya friza, kwa hiyo mtu azime usiku na kuokoa uniti za Luku. La pili ni kwamba baridi itaua kompresa. Yote mawili yanakosea. Friza inayojitegemea hupata nafuu wakati wa kipupwe. Kinachotaabika ni friji ya milango miwili yenye kidhibiti joto kimoja, na hatari kubwa kuliko baridi ni umeme unaofika kwenye banda ukiwa dhaifu.

Friza haitengenezi baridi. Kazi yake ni kuhamisha joto. Kompresa inasukuma gesi kwenye mabomba, gesi inafyonza joto la ndani na kulitoa nje kupitia mabomba ya nyuma au yaliyofichwa ndani ya kuta. Joto nalo halikomi kurudi ndani kupitia kuta na mpira wa mlango, na kasi ya kurudi kwake hutegemea tofauti kati ya chumba na friza. Kipimo kinachopendekezwa kwa chakula kilichogandishwa ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Chumba kikiwa na nyuzi 32, tofauti ni nyuzi 50. Kikishuka hadi 12, tofauti ni 30. Maana yake joto linalopenya kwenye kuta limepungua kwa karibu asilimia 40, na kompresa inapumzika zaidi. Kwa friza ya kulaza, ambayo kidhibiti chake kinapima joto la sehemu ileile yenye nyama na samaki, hiyo ni faida isiyo na hila: ikihitaji kuwaka itawaka, isipohitaji itatulia.

Hila iko kwenye friji yenye sehemu ya kugandisha juu au chini, hasa zile za kompresa moja na kitufe kimoja cha kurekebisha baridi. Katika nyingi za aina hii, kidhibiti kimewekwa upande wa friji, unaotakiwa kuwa na nyuzi kama 4, na upande wa friza hupata baridi pale tu upande wa friji unapoiita kompresa. Chumba kikiwa na nyuzi 25, friji inapambana na tofauti ya nyuzi 21 na friza ya nyuzi 43. Chumba kikishuka hadi nyuzi 8, tofauti ya friji inabaki 4 tu, wakati ya friza bado ni 26. Mahitaji ya friji yameanguka hadi moja ya tano, ya friza yamebaki tatu ya tano, na anayetoa amri ni yule asiye na shida. Kompresa inakaa kimya, aiskrimu inalainika, damu ya nyama inaanza kuchuruzika, na mwenye friji anadhani gesi imeisha. Fundi anaweza kujaza gesi mpya bila kuponya chochote. Baadhi ya watengenezaji huweka swichi ya msimu wa baridi, inayowasha taa au hita ndogo upande wa friji ili kidhibiti kihisi joto na kuamsha kompresa.

Watengenezaji wanalijua jambo hili, na ndiyo maana vyombo vingi vina kibandiko chenye herufi za tabianchi. N ni kwa chumba cha nyuzi 16 hadi 32. ST ni 16 hadi 38. T ni 16 hadi 43. SN huanzia 10 hadi 32. Mnunuzi wa Afrika Mashariki huona herufi T, ya nchi za tropiki, akaridhika kwamba chombo kimeletwa kwa ajili yake. Lakini herufi hiyo iliwaza joto la Dar es Salaam, si usiku wa Julai Tunduma au Vwawa, ambapo chumba hushuka chini ya nyuzi 16 bila taabu. Penye SN-T, chombo kimekusudiwa kufanya kazi kuanzia nyuzi 10 hadi 43, na hicho ndicho kinachoufaa mkoa wa Songwe, iliko miji hiyo miwili. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una nyanda za juu za Mbozi zenye kahawa na baridi, na pia mabonde ya Momba yanayoteremka kuelekea Ziwa Rukwa, lililo kwenye mwinuko wa karibu mita 800, ambako jua halina huruma. Friza inayouzwa Tunduma inaweza kuishia Kamsamba, huko mabondeni.

Msomaji makini atauliza: kama kibandiko kinasema nyuzi 16, si ndio ushahidi kwamba baridi inaua? Hapana. Namba hizo zinaeleza mipaka ambamo mtengenezaji ameahidi kwamba chakula kitakaa katika kipimo chake. Ni kweli kwamba kwenye baridi kali mafuta ya kompresa huwa mazito na kuiwasha kukawa kugumu, ndiyo sababu Ulaya, ambako gereji zisizo na joto hushuka chini ya sifuri, kuna friza zinazotengenezwa mahususi kwa mazingira hayo. Stoo ya Tunduma yenye nyuzi 8 au 10 haijafika huko. Ushauri wa Ulaya wa kuingiza friza ndani ya nyumba nao hautusaidii sana, kwa sababu nyumba zetu hazina mitambo ya joto. Sebule usiku huipita stoo kwa nyuzi chache tu. Na asiwepo wa kupasha stoo kwa jiko la mkaa: hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa huua watu ndani ya chumba kilichofungwa. Kufunika friza kwa blanketi pia ni kosa, maana friza nyingi hutoa joto kupitia kuta zake.

Vipi kuhusu kuizima usiku? Nyuzi 10 ni baridi kwa mwili wa binadamu, lakini ni nyuzi 28 juu ya kiwango cha kugandisha, na vijidudu vinavyoharibu nyama huongezeka haraka kuanzia nyuzi 5 kwenda juu. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hukaa na barafu yake kwa saa kama 48, iliyojaa nusu kwa saa 24, kwa hiyo usiku mmoja hauiharibu nyama. Lakini akiba ni ndogo, kwa kuwa joto lililoingia usiku lazima litolewe asubuhi, na kupanda na kushuka kwa baridi kila siku hukuza chembe za barafu zinazochana nyama. Ikiyeyuka, maji yake hutoka na ladha.

Basi wasiwasi uhamie kwenye waya. Mabanda mengi ya uani hupata umeme kwa waya mwembamba uliovutwa mbali kutoka nyumbani. Kompresa inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida yake. Waya mwembamba na mrefu huangusha volti, injini inashindwa kuanza, inapata moto na mwishowe inaungua. Umeme unaokatika na kurudi ghafla ni hatari nyingine, kwa sababu kompresa inahitaji dakika chache ili mgandamizo wa gesi usawazike kabla ya kuwashwa tena. Friji gadi, kifaa kinachosubiri dakika hizo na kukata umeme ukizidi au ukipungua, ni kinga ya bei ndogo kuliko kompresa mpya. Waya mnene wa kutosha wenye ethi ni kinga nyingine, hasa kwenye sakafu yenye unyevu wakati wa masika.

Paa la bati nalo lisisahaulike. Bati linalopoza stoo usiku wa Julai ndilo linaloichoma mchana wa Oktoba, na mwezi huo ndio unaoitesa friza kweli. Anayetaka kuweka dari au kufungua matundu ya hewa afanye hivyo kwa kuwaza Oktoba. Kwa kipupwe, kipimajoto kidogo ndani ya friza kinatosha: kikisoma nyuzi 18 chini ya sifuri asubuhi ya baridi kuliko zote, hakuna cha kurekebisha. Kikisoma nyuzi 5 chini ya sifuri kwenye friji ya milango miwili, mwenye duka asimwite fundi wa gesi kwanza. Ahamishie nyama kwenye friza ya kulaza, na friji hiyo aiachie maziwa na soda.