Mombasa na Unguja: Karibu kwa Ramani, Mbali kwa Mwendo

Wajuzi wa ramani watakwambia kwamba kutoka Mombasa hadi mji wa Unguja ni kilomita 240 hivi kwa njia ya anga. Ndege ya rafadha iendayo kilomita 500 kwa saa ingeumaliza mwendo huo kwa nusu saa. Lakini kuna kupaa na kuna kutua, ndipo safari ikawa ya dakika 40 hadi 50. Hata majina ni ya ndugu: Mombasa ina Kisauni yake, na uwanja wa ndege wa Unguja nao uko Kisauni.

Je, msomaji, mwendo ni kilomita tu? Mabaharia wetu wa zamani hawakuhesabu hivyo. Kaskazi ya Disemba hadi Machi iliwateremsha Unguja, na kusi ikiingia Aprili iliwarejesha Mombasa. Aliyekawia kutweka tanga alingoja miezi, na bahari ni ile ile.

Ndege zilipokuja, tukadhani tumeepukana na kungoja. Kumbe anga nayo ina pepo zake. Mwaka 1977 shirika la East African Airways lilivunjika, na Februari mwaka huo huo mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Katika miaka hiyo mamangu alifiwa na nduguye wa tumbo moja huko Unguja. Barua ya tanzia ilimfikia arubaini imeshapita. Aliisoma, akaikunja, akatandika mkeka wa matanga peke yake.

Leo mpaka u wazi, alhamdulillahi. Ila anayekosa ndege ya moja kwa moja hupitia Nairobi, na hapo kilomita 240 hugeuka zaidi ya 1,000. Mwenye kushika njia ya nchi kavu hupita Lunga Lunga, Tanga, hadi Dar es Salaam, kisha apande boti. Usiku na mchana humuishia njiani. Na mizozo haijakoma: Januari 2024 Tanzania ilitangaza kuzizuia ndege za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam, kwa sababu ya mvutano kuhusu ndege za mizigo. Mambo yalisuluhishwa kwa siku chache, lakini waliokwisha kukata tikiti walishikwa na wasiwasi.

Wakubwa wanaokaa mezani kugawana anga wakumbuke jambo moja. Sisi watu wa pwani maiti wetu huzikwa siku ile ile, aghalabu kabla ya jua kutua. Simu ya msiba ikilia alfajiri, ndege ya dakika 45 itamfaa mfiwa iwapo ipo siku hiyo. Ikiwa ni ya kesho kutwa, atakuta kaburi limekwisha kufukiwa, kama alivyokosa kuzika mamangu.