Mchezo Usio na Mwisho

Mwalimu Nyerere wa Butiama alipenda bao. Bao lina kikomo: safu ya mbele ya mmoja ikiishiwa kete, amefungwa, na wachezaji huinuka. Kijana wa Musoma au Bunda anayecheza michezo ya kuigiza wahusika katika intaneti hakipati kikomo hicho. World of Warcraft, mchezo uliotolewa mwaka 2004, ungali unachezwa. Watengenezaji huongeza visa vipya kwa vipindi, na katikati huweka kazi ndogo za kila siku, ambazo asiyezitimiza leo hukosa tuzo. Wavuvi wa dagaa, wanaowasha taa usiku ziwani, wataielewa mbinu hii upesi.

Shirika la Afya Duniani liliuingiza uraibu wa michezo ya kidijitali katika orodha ya magonjwa ya ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Kipimo si wingi wa saa. Daktari hutazama kama mtu ameshindwa kujizuia, ametanguliza mchezo mbele ya mengine, na anaendelea ijapokuwa anadhurika, kwa kawaida kwa miezi 12.

Mzazi asianze kwa kunyang'anya simu. Aulize kwanza ni akina nani wanaomngoja mwanawe humo, kwani vikosi hupanga saa ya kukutana, na kijana huona haya kuwaangusha wenzake.