Mchezo wa Kuigiza Unaofika Bungeni



Katika ukurasa huu wa nchi jirani tumezoea kuzungumza juu ya mishahara na mikataba. Safari hii tunazungumza juu ya mchezo wa kuigiza. Msicheke, maana watawala wa Kenya hawakucheka.

Mwaka 1977, huko Kamirithu, Limuru, wakulima pamoja na wafanyakazi wa viwandani na wa mashamba ya chai walicheza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Wakati wa mazoezi wafanyakazi waliurekebisha mswada wenyewe, kwani wao ndio waliojua hali ya kazi. Ulianza kuonyeshwa Oktoba 2. Novemba 16 ukapigwa marufuku. Mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini, akakaa humo hadi Desemba 1978. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa.

Mchezo ule ulifumbua macho. Ndugu Augusto Boal wa Brazil, ambaye naye alikamatwa na kuteswa na utawala wa kijeshi mwaka 1971, aliongeza hatua moja. Alichaguliwa kuwa diwani wa Rio de Janeiro mwaka 1992 kwa tiketi ya Chama cha Wafanyakazi. Vikundi vya mitaani vilicheza matatizo yao, mapendekezo yakaandikwa, naye akayapeleka barazani. Hadi alipoondoka mwaka 1996, sheria 13 zilikuwa zimepitishwa kwa njia hiyo.

Vijana wetu wanaotafuta kazi wanaweza kuitumia hivi. Tuchukue mfano wa kibarua wa shamba la chai huko Kenya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi siku za mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, mkataba wake uhesabiwe kuwa ni wa kulipwa kwa mwezi. Basi katika mchezo, siku ya 26 nyapara anamwambia kijana: "Kapumzike, uje wiki ijayo tukuandike upya." Kijana anainama, anaondoka. Mchezo unaishia hapo, vibaya, kwa makusudi.

Kisha unarudiwa. Mtazamaji yeyote akiona kosa anapaza sauti, "Simama!", anapanda jukwaani na kushika nafasi ya kijana. Nafasi ya nyapara haibadilishwi. Nyapara mwema wa jukwaani hamsaidii mtu shambani. Wa kwanza anagombana na nyapara, anafukuzwa. Wa pili anamwendea karani, naye anaambiwa jina lake halimo katika daftari. Wa tatu anakusanya wenzake waende chamani, nusu yao wanaogopa. Baada ya majaribio matatu kila mtu uwanjani ameona pengo lilipo: kijana hana karatasi inayoonyesha siku alizofanya kazi, na siku chache za kupumzishwa zinakata hesabu. Pendekezo linazaliwa hapo hapo: kila kibarua apewe kadi ya siku zake tangu siku ya kwanza, na mapumziko ya kulazimishwa yasihesabiwe kuwa yamekatiza kazi. Watu wanajadili, wanapiga kura, katibu anaandika.

Hapa ndipo michezo mingi ya vijana inapofia. Wageni hupiga makofi, hunywa soda, hupanda magari yao. Kwa hiyo sisi tunashauri mchezo usifunguliwe kabla mbunge, diwani au afisa wa kazi hajakubali kuhudhuria na kujibu mbele ya watu ni lipi atalipeleka, na lini. Akikataa kuja, njia ingalipo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 118, inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi zake, na Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuliandikia ombi. Daftari la katibu ndilo ombi lenyewe. Lipigwe chapa, litiwe sahihi, na nakala moja ibaki chamani.