Nyumba na Mazingira (3): Mkaa, Maharage na Moto wa Jikoni

Mkaa ni mti ulioungua nusu. Wachomaji hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha huwasha moto na kuacha matundu machache ya kupitisha hewa. Ndani ya tanuri hilo kuni haziwaki sawasawa. Maji na gesi zilizomo hutoka kama moshi mzito, na baada ya siku kadhaa hubaki kaboni karibu tupu, nyepesi kubeba, isiyooza wala kuliwa na mchwa. Kilo moja ya mkaa ina joto karibu mara mbili ya kilo moja ya kuni, na moshi wake ni mdogo. Kwa sababu hizo mkaa ukawa moto wa mijini, kutoka Mwanza hadi Mombasa.

Gharama yake hubaki porini. Katika tanuri la kawaida la udongo, kilo moja ya mkaa hutokana na kilo 5 hadi 10 za kuni, kutegemea ukavu wa magogo na ustadi wa mchomaji. Gunia la kilo 50 basi limekula kilo 250 hadi 500 za miti. Kwa hesabu ya joto, robo tatu hivi ya nguvu iliyokuwa kwenye magogo huishia angani kabla gunia halijashonwa. Mkaa huo ukitiwa kwenye jiko la bati tupu, ambalo hufikisha kwenye sufuria kama moja ya tano tu ya joto lake, kinachokigusa chakula ni takriban sehemu 5 kati ya 100 za nguvu ya ule mti. Upotevu wa porini uko mbali na mpishi. Wa jikoni uko mikononi mwake, na kila kilo ya mkaa anayoiokoa ni kilo kadhaa za miti zinazobaki zimesimama.

Haifai hata hivyo kuuhukumu mkaa wote kwa hukumu moja. Miti mingi ya miombo huchipua upya kutoka kwenye visiki, mradi eneo lisilimwe, lisichomwe moto wala kuchungiwa mifugo mapema. Wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, vipo vijiji vilivyotenga sehemu ya msitu wao kwa ajili ya mkaa na kuigawa katika vitalu vya mita 50 kwa 50. Vitalu hivyo huvunwa kwa zamu, kwa mpango wa kurudi palepale baada ya miaka 24. Mkaa wa namna hiyo unaweza kudumu. Ulio mwingi sokoni hauna mpango kama huo, na mnunuzi wa kopo moja mtaani hana njia ya kuutofautisha.

Hatua ya kwanza iliyo rahisi ni jiko lenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchini Kenya lilibuniwa jiko la mkaa lenye kiuno chembamba, bati kwa nje na udongo wa kuchomwa kwa ndani, kwa kufuata mfano wa jiko la ndoo la Thailand. Mafundi wa bati wa Shauri Moyo, Nairobi, walikuwa miongoni mwa waliolisambaza. Udongo huzuia joto lisitoroke kupitia ubavuni, na umbo la kiuno huufanya ukae imara ndani ya bati. Majiko ya aina hiyo, ambayo Tanzania huitwa majiko banifu, hupunguza mkaa kwa kati ya asilimia 30 na 50 yakilinganishwa na jiko la bati tupu. Sharti lake ni udongo usiwe na nyufa, na mlango wa chini uwe wa kufunga na kufungua. Jiko ambalo mlango wake umeng'oka hula mkaa kama la zamani.

Baada ya jiko huja namna ya kupika, na hapa mengi hayahitaji hata senti. Maji yakishachemka hayaongezeki joto hata moto ukoleezwe vipi. Moto wa ziada hugeuza maji kuwa mvuke tu. Chungu kikishatokota, mlango wa jiko ufungwe nusu na mfuniko ukae juu ya sufuria. Makaa yanayobaki baada ya kupika yatiwe ndani ya kopo la bati lenye kifuniko kinachobana: yakikosa hewa huzimika, na kesho huwaka tena. Desturi ya kupalia wali, yaani kupunguza makaa chini na kuweka machache juu ya mfuniko, inatokana na ujuzi huohuo, kwamba maji yakishakauka wali hauhitaji moto mkali, unahitaji joto lisitoke.

Kapu la joto limeichukua kanuni hiyo na kuiendeleza. Ni kapu au ndoo kubwa iliyojazwa pembeni, chini na juu kwa sufi, vipande vya godoro au blanketi kuukuu, na katikati pameachwa nafasi ya sufuria. Chakula huchemshwa, hufunikwa, kisha huingizwa kapuni kikiwa bado kinatokota, na huendelea kuiva bila moto. Wali, ndizi, viazi na nyama ya mchuzi hukubali vizuri. Sufuria ndogo yenye chakula kidogo hupoa upesi, kwa hiyo kapu linazifaa zaidi familia kubwa.

Kinachoamua ukubwa wa gunia, hata hivyo, ni maharage, pamoja na makande na kunde. Nyumba nyingi za mjini zenye mtungi wa gesi bado zina jiko la mkaa uani, na ukiuliza kazi yake, jibu ni maharage. Yakipikwa bila maandalizi huchukua saa mbili hadi tatu, na mpishi huona ni kufuru kuichoma gesi muda wote huo. Nyumba ikishapata njia nyepesi ya kupika maharage, haja kubwa ya mkaa imekwisha. Ndiyo maana jambo hili linastahili kuelezwa kwa urefu kuliko mengine.

Ugumu wa maharage huanzia ghalani. Yaliyokaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu hugoma kuiva, kwa hiyo maharage mapya huokoa moto tangu sokoni. Kuyaloweka usiku kucha na kuyamwaga maji asubuhi hupunguza sana muda wa kupika. Nyanya na ndimu ziingie yakishalainika, kwa sababu uchachu hukaza maganda. Magadi huyalainisha haraka, ila yakizidi huharibu ladha na sehemu ya vitamini B. Maharage yaliyolowekwa yanaweza kumalizia kapuni, kwa sharti moja lisilopuuzwa: kwanza yatokote kwa nguvu dakika zisizopungua 10, na nusu saa ni bora zaidi. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali, wala haivunjwi na joto la polepole.

Sufuria ya presha hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Kwa kuubana mvuke, huyafikisha maji karibu nyuzi 120 za Selsiasi badala ya 100. Wanaokaa nyanda za juu hufaidi hata zaidi. Mbeya, mji ulio kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndiyo maana maharage ya huko husumbua kuliko ya Tanga. Jiko la presha la umeme linaongeza faida nyingine: limezungukwa na kizuizi cha joto, na hujizima lenyewe presha ikitosha. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa huiva humo kwa muda usiofika saa moja, kwa umeme wa karibu nusu uniti. Jiko la koili, ambalo joto lake husambaa ovyo, hutumia uniti nyingi zaidi kwa kazi ileile. Kwa kuwa jiko la presha huvuta wati 1,000 hivi, lichomekwe moja kwa moja ukutani, si kwenye waya mwembamba wa kuunganisha. Tangu bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilipoanza kuzalisha mwaka 2024, sehemu kubwa ya umeme wa Tanzania hutokana na maji, na hilo limeongeza usafi wa chakula kinachopikwa kwa umeme.

Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Kilo moja hufanya kazi ya takriban kilo 3 za mkaa, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 huchukua nafasi ya kilo 18 hivi. Ni mafuta ya ardhini na hutoa hewa ya ukaa, lakini haigusi miti na moshi wake ni kidogo mno. Ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutuama sakafuni, kwa hiyo mlango na matundu ya chini yana maana kuliko dirisha la juu. Mpira na kichwa cha mtungi vikaguliwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Hesabu ya mitungi pekee haitoshi kupima mafanikio yake. Ipimwe pia kwa magunia yaliyoacha kununuliwa.

Afya nayo imo katika hesabu hii. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020, vikiwemo vya watoto wengi walio chini ya miaka mitano. Mkaa usiotoa moshi haukosi hatari, kwani hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Jiko lenye makaa halipaswi kuingizwa chumbani usiku kwa ajili ya kuota, hata kama linaonekana limezimika.

Kijijini, kwenye ng'ombe wawili au zaidi wanaolishwa bandani, kuna njia nyingine: mtambo wa gesi ya samadi. Samadi mbichi huchanganywa na maji kwa vipimo sawa na kumiminwa kwenye shimo lililojengwa kama kuba chini ya ardhi, na bakteria huichachua hadi itoe methani. Kituo cha CAMARTEC, Arusha, kimeujenga na kuusambaza kwa miaka mingi. Tope linalotoka, yaani bokora, ni mbolea nzuri kwa migomba na mboga. Mtambo hufa ng'ombe wakiuzwa au maji yakikosekana, na bomba lake likivuja methani hudhuru anga mara nyingi zaidi ya hewa ya ukaa, kwa hiyo viungo vyake vikaguliwe mara kwa mara na gesi isiyotumika iteketezwe kwa moto badala ya kuachwa itoke.